Wapita Njia Walivyofanywa Watani Wetu

Niwatoe wasiwasi mapema: nchi yetu ina amani. Ina amani nyingi kiasi kwamba imebidi iundwe Wizara ya Utulivu ya kuitunza, na wizara hiyo ina ghorofa refu, geti la chuma, mbwa wawili wakali, na mimi. Mimi ndiye mtangazaji wake. Jina la nchi silitaji kwa sababu za usalama, na sijaambiwa ni usalama wa nani.

Basi kiangazi hiki wakazi wa mji mkuu walifanya jambo la kushangaza. Waliandamana. Walisema mabomba yao yanatoa upepo na mjusi mmoja mmoja, lakini maji hayatoi. Waliomba kibali wakapewa, wakapangiwa barabara, wakapewa hadi polisi wa kuwasindikiza. Kila mmoja alibeba ndoo tupu kichwani. Mbele alitangulia kijana mwembamba aitwaye Chande, fundi pikipiki, akipuliza filimbi ili watu waende kwa mpangilio. Mimi nilikuwa ghorofani natazama kwa darubini ya ofisi, na kusema kweli walipendeza.

Walipofika kwenye kipilefti cha Mnara wa Umoja, polisi wa kuwasindikiza walitazama saa zao, wakakumbuka kwamba wanahitajika mahali pengine, wakaondoka. Papo hapo likatokea lori la taka la manispaa. Halikuwa na taka. Lilijaa wanaume wenye fulana mpya za njano na marungu mapya, na nyuma yake likaja jingine. Walishuka vizuri, mstari kwa mstari, bila kusukumana, kitu ambacho sijawahi kukiona hata kwenye sherehe zetu za uhuru. Bwana mmoja mnene akawakagua, akapiga makofi, nao wakaanza kazi. Walipiga wazee, walipiga kina mama, walipiga ndoo. Sauti ya ndoo ndiyo iliyotufikia kule juu.

Walipomaliza walipanda malori yao. Wakamchukua na Chande, maana filimbi yake ilikuwa inawaudhi. Kisha wakaja kula pilau katika ua wa wizara yetu. Pilau ilikuwa tayari. Wapishi wetu ni hodari sana, huwajua wageni kabla wageni wenyewe hawajajua kwamba watakuja.

*

Jioni ile Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Elikana Magongwe, alilihutubia taifa. Ni mtu mrefu, mwenye sauti nzito ya kutuliza watoto na wanahisa, na nywele alizozitia rangi nyeusi kuliko alizozaliwa nazo.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu imepata taarifa kwamba leo kulikuwa na wapita njia. Kupita njia si kosa. Njia tumezijenga ili zipitwe. Kama katika kupita huko mkono wa mpita njia ulikutana na kichwa cha mwandamanaji, serikali inawasihi wote wawili wawe waangalifu zaidi barabarani."

Hotuba ilipokewa vizuri, hasa na wapita njia wenyewe. Kesho yake yule bwana mnene, ambaye jina lake ni Kihoro na ni mpwa wa Mheshimiwa, alifungua Umoja wa Wapita Njia wa Taifa. Ofisi walipewa katika gereji yetu. Fulana zao za njano zikachapwa maneno MPITA NJIA kifuani na mgongoni. Nilipomuuliza sababu aliniambia ni kwa ajili ya usalama wao, wasije wakapigwa kimakosa na wapita njia wengine.

Mambo yangeishia hapo kama si mabalozi. Wale mabalozi ambao nchi zao hutupa fedha za mabomba ya maji walikuwa wameona picha. Wakauliza, kwa adabu zao zile za kuumiza, kwa nini katika nchi yetu wapita njia hupita kwa lori la manispaa. Mheshimiwa alikosa raha. Alitembea ofisini huku na huku, akala karanga zote za wageni, mwisho akaagiza aitwe Profesa Mwinyigogo, Mkurugenzi wa Mila na Desturi.

Profesa hakuwa ameitwa na mtu yeyote tangu ateuliwe. Alikuja mbio, kola ya koti imekunjika upande mmoja.

"Profesa," alisema Waziri, "nataka maelezo. Yawe ya kitaalamu, na yasiwe na lori ndani yake."

Profesa alifikiri. Kisha akauliza, "Hao waliopiga, walikuwa wamekasirika?"

Akaitwa Kihoro kutoka gereji. "Kukasirika?" Kihoro alishangaa kabisa. "Hapana, mjomba. Sisi tumkasirikie nani? Hatuna ugomvi na mtu. Vijana walikuwa wanacheka tu."

"Walikuwa wanacheka!" Profesa akasimama. "Mheshimiwa, mtu anayekupiga huku anacheka, anayechukua kitu chako na haitwi mwizi, anayekutukana na wala hana ugomvi nawe, sisi kwa mila zetu tunamwita nani?"

Waziri alinitazama mimi. Mimi nikatazama zulia.

"Mtani!" alisema Profesa.

*

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa faida ya mabalozi. Kwetu utani ni jambo kubwa. Yapo makabila ambayo mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watataniana tu. Mtani wako atakutukana mbele ya wakwe zako, atakaa kwenye kiti chako, atabeba kuku wako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Bibi yangu mzaa mama aliwahi kuvuliwa kitenge kipya na mtani wake sokoni, akarudi nyumbani na gunia kiunoni, anacheka. Alicheka kwa shida, lakini alicheka.

"Ukinuna wewe ndiye mwenye kosa," Waziri alirudia taratibu, na uso wake ukaanza kuchangamka. "Profesa, kumbe tulikuwa na hazina humu ndani. Endelea hapohapo."

"Ila Mheshimiwa, utani una upande wa pili. Mtani naye ana haki zake, hususan—"

"Upande wa pili tutauingiza kwenye bajeti ijayo."

Sheria ya Utani wa Taifa ilipita bungeni kabla ya chai ya saa nne. Ilisema kwamba waandamanaji na wapita njia ni watani wa jadi, jadi hiyo ikihesabiwa kuanzia Jumanne iliyopita. Mbunge mmoja aliyezoea kusinzia aliamka akauliza kama sheria itamlinda Kihoro pia, kwa vile Kihoro si serikali, ni mpwa tu. Lilikuwa swali zuri. Kikaongezwa kifungu: utani huu ni kati ya raia wote na serikali yao, pamoja na ndugu na jamaa wa pande zote. Kihoro akawa amelindwa. Wabunge wakacheka kwa kauli moja, maana sheria ilikuwa imeshaanza kutumika na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kununa.

Kazi za polisi zikawa nyepesi. Nilikwenda mwenyewe kituo cha kati kurekodi kipindi, nikamkuta mzee mmoja aliyevunjwa mkono akijaribu kufungua kesi.

"Aliyekupiga alikuwa anacheka?" Sajini alimuuliza.

"Afande, meno yake sikuyaangalia. Nilikuwa naangalia rungu."

"Hapo ulikosea, mzee wangu. Mtani anatazamwa usoni." Akafunga kitabu chake. "Na mbona hata sasa umenuna? Unataka nikuweke ndani?"

Mzee akacheka. Hospitali wakaandika kwamba amevunjika kwa sababu ya furaha iliyozidi kiasi.

*

Sasa nifike kwa Bi. Siwatu, ingawa Mheshimiwa angependa nimruke.

Bi. Siwatu ni mama yake Chande. Ni mfupi, mwenye mikono mipana, na hushona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake. Sauti yake unaweza kuitumia kumwita mtu ng'ambo ya mto. Hana mtoto mwingine. Baada ya maandamano alizunguka vituo vyote vya polisi, akaambiwa hayupo. Akazunguka wodi, hayupo. Akaenda chumba cha maiti, akafunuliwa shuka moja moja, hayupo. Ndipo akaja wizarani, akakaa kwenye ngazi, na mbwa wakali walimnusa wakalala karibu yake. Siku ya tatu Waziri akaamua kumwona, nami nikaagizwa niwepo na mashine ya kurekodia, kwani tulihitaji sauti ya mwananchi anayecheka.

"Karibu mama," alisema Waziri. "Umekuja kututania?"

"Nimekuja kumtafuta mwanangu, Mheshimiwa. Anaitwa Chande. Walimtia kwenye lori watu wakiona."

"Ah! Huyo amechukuliwa kwa utani."

"Kwa hiyo mnaye."

Waziri alikohoa. "Sikusema tunaye. Nimesema amechukuliwa."

Bi. Siwatu alilitafakari jibu hilo, kisha akasogea mbele ya kiti. "Sawa. Mtani akichukua kitu, mwenyewe hukikomboa. Mababu zetu walifanya hivyo, na mimi nitafanya. Niambie nimkomboe kwa nini. Jogoo ninaye. Cherehani ninayo, nipeni mkokoteni tu niilete."

"Mama, utani huu ni wa kitaifa. Taratibu za kukomboa bado hazijatungwa."

"Yu hai?"

Waziri alitazama dirishani. Nje hapakuwa na kitu cha kutazama ila ukuta wa gereji. "Mama," alisema, "mbona hucheki? Sheria ipo wazi."

Naye akacheka. Wasomaji wangu, mimi nimerekodi vicheko vingi katika utumishi wangu, vya wakubwa na vya waliolipwa, lakini kile sikukiweza. Alicheka ametukazia macho, mdomo wazi, machozi yakimshuka bila kufutwa, hadi chupa za maji mezani zikawa zinatetemeka. Nikazima mashine. Baadaye nilieleza kwamba betri ilikwisha.

*

Wiki ile ile msiba ukaingia kwa Mheshimiwa. Alifariki Mzee Zefania Magongwe, baba yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa mchanga na kumsomesha kwa pamba. Nilimkuta Waziri ameinama kwenye kabati la mafaili, analia kama mtu yeyote anavyolia, na siku hiyo nilimhurumia kwa dhati.

Mazishi yalipangwa kijijini kwao, yarushwe moja kwa moja redioni na kwenye runinga. Mtukufu Rais angehudhuria. Mabalozi wangehudhuria pia, wakiwa bado wanasubiri maelezo yao. Maturubai yalifungwa, viti vikavalishwa vitambaa vyeupe, na getini wakasimama Wapita Njia wa Kihoro, fulana zimepigwa pasi, marungu yamepakwa mafuta.

Asubuhi hiyo malori ya vitunguu yakasimama barabarani. Wakashuka watu. Wengine walikuwa na bandeji kichwani, wengine mikono imefungwa shingoni, mmoja alitembelea magongo. Mbele yao alikuwa Bi. Siwatu, khanga kaikaza kiunoni.

"Mnakwenda wapi?" Kihoro aliwazuia.

"Msibani, baba. Sisi ni watani."

Kihoro akageuka kutafuta msaada. Aliyekuwa karibu ni Profesa Mwinyigogo, aliyekuwa amepangiwa kiti nyuma ya jenereta na hakuwa amefurahi.

"Watani hawazuiwi msibani," alisema Profesa, na sijawahi kumwona amependeza vile. "Huo ndio upande wa pili. Kifungu cha ndugu na jamaa kinamhusu hata marehemu. Atakayewazuia atakuwa amenuna, na humu ndani yumo Mtukufu Rais."

Kihoro akasogea pembeni.

Sitaki kuwaonea wale watu: walifanya kazi. Wanawake walichukua masufuria, wanaume wakachanja kuni. Waliotumwa maji walirudi mbio kuwaita wenzao, maana bomba la uani kwa Mzee Zefania lilikuwa linatoa maji kwa nguvu ya kumtoa mtu ndala. Wakalizunguka, wakalitazama. Yule mzee wa mkono uliovunjika, niliyemwona kituoni, aliweka mkono wake mzima chini ya bomba, akakaa hivyo. Nilitaka kumwambia nafahamu anachohisi, kisha nikakumbuka kwangu maji hayakatiki.

Baada ya kazi ulianza utani wenyewe. Bibi mmoja alimvua Kihoro fulana akaivaa juu ya gauni lake, akawa anawauliza wageni wanapita njia gani. Wapishi wakakosa mwiko mkubwa, wakachukua rungu la mpita njia wa zamu, wakalisuuza, wakasongea ugali, nao ukaiva vizuri. Viatu vya Mheshimiwa vikatoweka miguuni mwake akiwa ameketi, na hadi leo sielewi ilikuwaje. Kisha fundi seremala mmoja, mwenye bandeji iliyofunika sikio, akamhamishia Waziri kiti cha pembeni, akakaa kwenye kiti chake, akasafisha koo, na kwa sauti ileile nzito akasema:

"Ndugu waombolezaji, serikali yenu imepata taarifa kwamba hapa kuna jeneza. Kulala si kosa. Vitanda tumevitengeneza ili vilalwe. Kama katika kulala huko marehemu amekutana na kifo, serikali inawasihi wote wawili wawe waangalifu."

Watu wote, mabalozi na mawaziri na wapishi, walimtazama Mtukufu Rais. Mtukufu hupenda vitu vya kuchangamsha na kwa kawaida haambiwi yaliyotangulia. Akacheka mpaka akashika meza. Mawaziri wakacheka. Majenerali wakacheka. Mheshimiwa Magongwe naye akacheka, miguu yake mitupu ameificha chini ya kiti.

*

Tukaenda makaburini. Jeneza lilibebwa na makanali, bendi ikapiga polepole, nami nikatembea na maikrofoni nikilieleza taifa kila hatua. Kaburi lilikuwa limejengewa kwa saruji na marumaru nyeupe. Makanali waliofika kwanza walisimama ghafla, wa nyuma wakawagonga, na jeneza likayumba.

Bi. Siwatu alikuwa ndani ya kaburi. Aliketi chini, mgongo kwenye marumaru, miguu kainyoosha. Mapajani alikuwa na shati la kiume la bluu, na alikuwa anashona kifungo.

"Mama," Waziri alimwita kwa upole, kamera zikimtazama, "toka humo, mpenzi wangu."

"Sitoki, mtani. Pamenipendeza. Pana ubaridi."

Mchungaji akainama. "Mama, mwili unasubiri."

"Usubiri, baba mchungaji. Mbona mimi nasubiri tangu siku ya maandamano?"

Watu wakacheka, Mtukufu akiwa wa kwanza. Waziri pia alicheka, akaingiza mkono mfukoni, kwa kuwa kila mtu anajua mtani akiingia kaburini hutolewa kwa kitu. Akamrushia bahasha. Bi. Siwatu aliirudisha juu bila kuifungua.

"Fedha zako sizitaki. Umechukua changu, nami nimechukua chako. Lete changu upewe chako, tuzike."

"Mama, hili ni kaburi la baba yangu!" Sauti ilimpasuka Mheshimiwa, na haikuwa tena ile ya hotuba.

"Najua, na pole sana. Nakuambia pole kutoka moyoni." Akakata uzi kwa meno. "Lakini wako unamjua alipo."

Hakucheka mtu. Kihoro, akiwa na singlendi yake, alipiga hatua ili ashuke kumvuta. Profesa akamshika kiuno cha suruali na kumwambia mtani aliye kaburini haguswi. Mtukufu Rais akamgeukia msaidizi wake kuuliza yule mama anadai nini.

"Mwanawe, Mtukufu. Alichukuliwa na wapita njia."

"Basi si apewe? Utani gani huu wa kung'ang'ania vya watu?"

Tatizo ni kwamba Mheshimiwa alikuwa ameshawaambia mabalozi, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba kijana huyo hatunaye. Na mabalozi walikuwa pale pale, kwenye safu ya pili, wameinamisha shingo kama kuku wanaosikiliza. Jua likapanda. Maua yakaanza kusinyaa juu ya jeneza. Kanali mmoja akaomba kubadilishana bega. Redioni kukawa kimya, na ukimya redioni ni kosa la kitaalamu, hivyo mimi, kwa sababu za kitaalamu kabisa, nikaiteremsha maikrofoni kaburini kwa waya wake.

Bi. Siwatu aliipokea. Akaitazama, akaisogeza mdomoni.

"Mimi naitwa Siwatu," alisema, na nchi nzima ikamsikia. "Ninashona sare. Mwanangu anaitwa Chande. Hakuwa na silaha, alikuwa na filimbi. Kama amekufa niambieni, nimlilie kama mwenzangu huyu anavyomlilia baba yake. Kama yu hai, mleteni. Sina neno lingine."

Akairudisha. Nikaivuta juu.

Mheshimiwa alimtazama Mtukufu, akalitazama jeneza la mtu aliyemlea. Mwisho akamwinamia Kihoro sikioni. Alinong'ona, lakini vifaa vya wizara yetu ni vya kisasa, na maikrofoni ilikuwa bado haijazimwa.

"Kamlete."

"Yupi, mjomba?" aliuliza Kihoro.

Neno hilo lilitoka kwenye vipaza sauti vyote, vya makaburini, vya chini ya maturubai, vya barabarani, na kila penye redio. Yupi. Niliona watu wanageuziana nyuso.

*

Kihoro hakuchelewa. Nilidhani atakwenda hadi mjini, kumbe lori la taka liligeukia nyuma ya kilima, kwenye ghala la pamba la marehemu mwenyewe, na likarudi bendi ikiwa haijamaliza wimbo wake. Likasimama. Akashushwa kijana.

Alikuwa Chande. Alikuwa peku, jicho moja limevimba limefunga, na mwanga ulimsumbua. Watu walimpisha. Alitembea hadi ukingoni mwa kaburi akachungulia, na kwa muda hakuelewa kwa nini mama yake yuko chini na yeye yuko juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimkagua kutoka chini, kuanzia miguuni kupanda juu, polepole. "Umekula?"

"Sijala."

"Haya, nivute."

Chande akampa mkono. Mama akapanda, akajikung'uta vumbi, akamvalisha lile shati la bluu mbele ya majenerali na kufunga vifungo vyote kuanzia chini, akiwa anatetemeka sasa, kwa kuwa tayari alikuwa na ruhusa ya kutetemeka. Kisha akamgeukia Waziri, akakunja goti kidogo kama inavyotakiwa. "Ahsante, mtani. Mungu amlaze pema mzee wetu." Watu wakapiga vigelegele, na nadhani mimi nilipiga pia, ingawa hakuna ushahidi.

Mheshimiwa akafuta jasho. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile bila kulazimishwa na sheria. Akawaashiria makanali wanyanyue.

Wakati makanali wanapishana mabega, mwanamke mmoja wa gauni la kijani alitoka katikati ya watu. Hakuja na malori ya vitunguu. Alikuwa jirani tu wa hapo kijijini, aliyekuja kumzika mzee. Alipita mbele ya Mtukufu Rais kwa heshima, ameinama kidogo. Akavua ndala zake, akazipanga vizuri ukingoni, akashika marumaru na kushuka kaburini. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, mtu mzima zaidi, anakaza khanga. Na nyuma ya huyo baba mmoja alikuwa anavua kofia.

Mwanamke wa gauni la kijani alikaa pale pale alipokaa Bi. Siwatu, akanyoosha miguu, kisha akainua uso kumtazama Waziri.

"Wangu anaitwa Mbwana, mtani," alisema. "Alichukuliwa mwaka juzi."